Molekuli Ndogo Katika Maji Yenye Msongamano: Funzo kutoka kwa Samaki, Kahawa na Chembe Nyekundu za Damu

Kata ya Litumbandyosi imo katika Wilaya ya Mbinga, Mkoa wa Ruvuma, katika sehemu ya nchi ambamo nyanda za juu za Umatengo zinashuka kuelekea Ziwa Nyasa. Kule juu wakulima huanika kahawa ya arabika kwenye vichanja. Kule chini, katika fukwe za Lituhi, Liuli na Mbamba Bay, wavuvi huanika usipa juani. Katika nchi hiyohiyo, kama ilivyo katika sehemu nyingi za Tanzania zenye malaria, wako pia watoto wanaoumwa viungo mara kwa mara, wenye macho ya manjano na damu pungufu, ambao hatimaye huambiwa kuwa wana ugonjwa wa selimundu.

Punje ya kahawa, samaki na mtoto mwenye selimundu ni mambo matatu yanayoonekana kuwa mbalimbali kabisa. Hata hivyo, mwanakemia wa mwili akiyatazama huona swali moja: protini huwezaje kulinda umbo lake ndani ya maji yaliyojaa vitu vingine? Na je, molekuli ndogo zilizoyeyuka katika maji hayo, kama vile sukari, chumvi na urea, huisaidia protini au huiharibu? Swali hili si la wataalamu wa maabara peke yao. Jibu lake linaeleza kwa nini mtoto mwenye selimundu hukojoa kitandani akiwa na umri mkubwa, kwa nini anahimizwa kunywa maji, na kwa nini dawa iliyotumainiwa sana miaka ya 1970 ilishindwa.

Protini na umbo lake

Protini ni mnyororo mrefu wa asidi amino uliojikunja kwa mpangilio maalumu. Kazi ya protini hutegemea mkunjo huo. Himoglobini hubeba oksijeni kwa sababu minyororo yake minne imekunjwa na kukaa pamoja kwa namna fulani. Kimeng'enya humeng'enya chakula kwa sababu kina pango la umbo fulani. Mkunjo ukifunguka, kazi nayo hukoma. Yai linapochemshwa, ute wake hugeuka kuwa mweupe na mgumu kwa sababu protini zake zimekunjuka na kunasana ovyo.

Jambo la kushangaza ni kwamba mkunjo huo umeshikiliwa kwa nguvu ndogo sana. Tofauti ya nishati kati ya protini iliyokunjwa na ileile iliyokunjuka ni ndogo kiasi kwamba mabadiliko madogo ya joto, asidi au vitu vilivyoyeyuka majini yanaweza kuelemeza mizani upande wowote. Mmarekani Christian Anfinsen alilionyesha hili kwa kimeng'enya kiitwacho ribonuklisi. Alikikunjua kwa urea nyingi pamoja na kemikali ya kuvunja vifungo vya salfa, kisha alipoviondoa vitu hivyo, kimeng'enya kikajikunja chenyewe na kurudi kazini. Kazi hiyo ilimpatia sehemu ya Tuzo ya Nobel ya kemia mwaka 1972. Ilithibitisha kwamba maagizo ya umbo yamo ndani ya mnyororo wenyewe, lakini ilithibitisha pia kwamba maji yanayouzunguka ndiyo huamua iwapo maagizo hayo yatatekelezwa.

Ikumbukwe pia kwamba maji ya ndani ya seli hayafanani na maji ya kisimani. Seli hai imejaa. Katika seli nyingi, lita moja ya uoevu wa ndani huwa na gramu 200 hadi 400 za protini na molekuli nyingine kubwa. Molekuli kubwa zikisongamana hivyo, kila moja hunyimwa nafasi na jirani zake. Abiria aliye ndani ya basi lililojaa hukunja mwavuli wake, kwa sababu mwavuli uliofunguliwa unahitaji nafasi ambayo haipo. Vivyo hivyo, msongamano kwa kawaida huisukuma protini kwenye hali ya kukunjwa, kwa kuwa protini iliyokunjuka huchukua nafasi kubwa zaidi. Lakini msukumo huohuo huzifanya protini zilizokwisha kukunjwa zikaribiane na kushikamana, maana zikishikamana hutumia nafasi ndogo kuliko zikitawanyika. Kwa hiyo msongamano una pande mbili: huimarisha umbo la protini mojamoja, na wakati huohuo hualika mrundikano.

Urea na mshindani wake

Mkulima wa mahindi wa Mbinga anaifahamu urea. Huinunua kwa mifuko, punje nyeupe zenye asilimia 46 ya naitrojeni, na kuitia shambani. Molekuli hiyohiyo hutengenezwa na ini la binadamu kutokana na mabaki ya protini tunazokula, kisha figo huitoa katika mkojo. Katika damu ya mtu mwenye afya kiwango chake ni kidogo, takriban milimoli 3 hadi 7 kwa lita.

Urea ni adui wa mkunjo. Uti wa mnyororo wa protini, yaani ile sehemu inayojirudia kutoka asidi amino moja hadi nyingine, hupatana vema na urea kuliko unavyopatana na maji matupu. Protini iliyokunjwa huuficha uti huo ndani. Protini iliyokunjuka huuanika nje. Basi urea inapokuwa nyingi, hali ya kuanika uti hupata faida, na protini hufunguka. Maabara hutumia urea ya moli 6 hadi 8 kwa lita kukunjua protini nyingi kabisa.

Ajabu ni kwamba wako wanyama wanaoishi na urea nyingi mwilini bila kudhurika. Papa na taa wa baharini huhifadhi urea ya takriban milimoli 350 hadi 400 kwa lita, yaani mara hamsini au zaidi ya kiwango cha binadamu. Huifanya hivyo ili uoevu wa miili yao ulingane na ukali wa maji ya bahari, wasikaushwe na chumvi inayowazunguka. Mnunuzi wa papa mkavu katika masoko ya pwani huijua urea hiyo kwa pua: bakteria huivunja na kutoa amonia, ndiyo ile harufu kali inayowasha macho. Silikanti, samaki wa kale aliyevuliwa mara nyingi katika maji ya Tanga tangu miaka ya 2000 na ambaye hifadhi ya bahari ya Tanga iliyoanzishwa mwaka 2009 imepewa jina lake, naye hutumia njia hiyohiyo.

Protini za papa zinaokokaje? Mwaka 1979 watafiti Paul Yancey na George Somero walionyesha kwamba samaki hao hubeba pia trimethilamini oksidi, kwa kifupi TMAO, kwa uwiano wa karibu sehemu moja kwa kila sehemu mbili za urea. TMAO hufanya kinyume cha urea. Uti wa protini haupatani nayo. Protini inapokuwa ndani ya maji yenye TMAO hujibana na kuuficha uti wake ndani, mithili ya jongoo anayejikunja akiguswa. Hakuna haja ya TMAO kuigusa protini au kuifunga. Inatosha kwamba protini iliyokunjuka ingekuwa na eneo kubwa la kukutana na kitu isichopatana nacho, nayo kwa hiyo huegemea upande wa mkunjo. Kwa uwiano huo wa mbili kwa moja, uharibifu wa urea na ulinzi wa TMAO hukaribia kufutana.

Samaki wa maji baridi kwa kawaida huwa na TMAO kidogo sana, ingawa wako wasiofuata kanuni hiyo, kama sangara wa Ziwa Viktoria. Samaki wa baharini akianza kuoza, bakteria huigeuza TMAO kuwa trimethilamini, nayo ndiyo ile harufu ya shombo inayomtambulisha samaki asiye mbichi.

Viyeyushwa vidogo vya aina hii, vinavyokusanywa na viumbe ili kukabili ukame, chumvi au baridi, huitwa osmolaiti. Orodha yake ni fupi na hurudiwarudiwa katika maumbile yote: sukari kama sukrosi na trehalosi, pombe za sukari kama sobitoli, baadhi ya asidi amino, betaini, na jamii ya TMAO. Bakteria, mmea na mnyama, kila mmoja kwa njia yake, walifikia suluhisho linalofanana.

Punje ya kahawa na chanjo kavu

Punje ya arabika inayokaushwa hadi unyevu wa takriban asilimia 11 au 12 imepoteza sehemu kubwa ya maji yaliyokuwa yakizizunguka protini zake. Imebakiwa na sukrosi kwa wingi na trigonelini, molekuli ya jamii ya betaini ambayo hufikia karibu asilimia 1 ya uzito wa punje kavu. Maji yanapopungua, sukrosi hukaa mahali pake kuzunguka protini, na myeyusho hugandamana kuwa kama kioo ambamo molekuli haziwezi kutembea na kugongana. Ulinzi huo una mipaka: mbegu ya arabika haivumilii ukavu na hifadhi ndefu kama mbegu ya mahindi, na kwa kawaida hupoteza uwezo wa kuota baada ya miezi kadhaa. Punje zinapokaangwa, sehemu ya trigonelini hugeuka kuwa niasini, ambayo ni vitamini ya kundi B.

Kanuni hiyohiyo imo ndani ya sanduku la baridi la mhudumu wa chanjo. Chanjo ya surua hufika kituoni ikiwa unga mkavu. Kabla ya kukaushwa huchanganywa na vilinda-umbo, vikiwemo sobitoli au sukari nyingine, jelatini na asidi amino, ili protini za virusi dhaifu vilivyomo zisikunjuke. Mara tu unga huo unapochanganywa na maji yake, ulinzi wa hali ya kioo huondoka. Ndiyo sababu chanjo iliyokwisha kuchanganywa hukaa kwenye baridi na hutupwa baada ya saa 6 hata kama chupa haijaisha. Mama anayemwona muuguzi akiitupa chanjo iliyobaki haoni uharibifu wa mali. Anaona sheria ya kemia ikiheshimiwa.

Chembe iliyojaa

Hakuna seli inayodhihirisha nguvu ya msongamano kuliko chembe nyekundu ya damu. Chembe moja hubeba molekuli za himoglobini takriban milioni 270. Lita moja ya uoevu wa ndani yake ina gramu 330 hadi 340 za himoglobini, kiasi kinachochukua karibu robo ya nafasi yote. Katika hali hiyo kila molekuli hujibu kana kwamba wingi wa wenzake ni makumi ya mara ya wingi halisi. Himoglobini ya kawaida huvumilia msongamano huo. Molekuli zake huteleza kando ya nyingine bila kushikana.

Himoglobini ya selimundu, iitwayo himoglobini S, inatofautiana na ya kawaida kwa asidi amino moja tu. Mwaka 1949 Linus Pauling na wenzake walionyesha kwamba himoglobini ya wagonjwa ina chaji tofauti ya umeme, na katika miaka ya 1956 na 1957 Vernon Ingram alibainisha sababu yake: katika nafasi ya sita ya mnyororo wa beta, asidi ya glutamiki imebadilishwa na valini. Valini haipendi maji. Oksijeni inapotoka, kiraka hicho hupata pango la kuingia katika molekuli ya jirani, na molekuli huanza kupangana kuwa nyuzi ndefu ngumu zinazoipindisha chembe iwe kama mundu.

Kiasi cha msongamano ndicho huamua kasi. Baada ya oksijeni kutoka, nyuzi hazianzi papo hapo. Hupita muda wa kusubiri. Mwaka 1974 watafiti wa Marekani waligundua kwamba muda huo hupungua kwa takriban kipeo cha 30 cha wingi wa himoglobini S. Hesabu yake ni rahisi kuifuata. Chembe ikipoteza maji kidogo na himoglobini ikazidi kwa asilimia 5 tu, muda wa kusubiri hupungua mara nne hivi. Ikizidi kwa asilimia 10, hupungua mara kumi na saba. Chembe hupita katika mshipa mwembamba kwa muda wa sekunde moja hivi, kisha hurejea mapafuni kuchukua oksijeni. Iwapo muda wa kusubiri ni mrefu kuliko safari hiyo, chembe huokoka bila kupinda. Ukiwa mfupi, chembe hukwama njiani, na mtoto hupatwa na maumivu ambayo wazazi wanayafahamu.

Nadharia ya msongamano wa molekuli kubwa yenyewe ilikua kwa kiasi kikubwa kutokana na ugonjwa huu. Katika miaka ya 1970 Allen Minton na wenzake walitumia hesabu ya nafasi inayonyimwa ili kueleza kwa nini himoglobini S huganda upesi kiasi hicho. Katika maabara, kuongeza dekstrani, ambayo ni sukari yenye mnyororo mrefu, hupunguza kiasi cha himoglobini S kinachoweza kubaki kimeyeyuka, ingawa dekstrani haishikamani nayo. Inachukua nafasi tu.

Hapa msomaji ataona kwa nini wazo la kuiimarisha protini halifai kuchukuliwa kama baraka ya jumla. Kiyeyushwa kinachoisukuma protini ijibane na kuficha uti wake kinaweza pia kuzisukuma protini nzima zishikamane. Himoglobini S haina tatizo la kukunjuka. Imekunjwa vizuri kabisa. Tatizo lake ni kushikamana.

Figo: mahali nguvu zote zinapokutana

Sehemu ya ndani ya figo ni mahali pagumu kuliko pote mwilini. Ili mkojo uwe mzito na maji yasipotee bure, figo hulundika chumvi na urea katika sehemu hiyo hadi ukali wa uoevu wake kufikia takriban miliosmoli 1,200 kwa kilo ya maji, mara nne ya damu. Urea pekee huweza kufika mamia ya milimoli. Seli za mahali hapo zingekufa zisingekuwa na osmolaiti zao: sobitoli, mayo-inositoli, taurini, betaini na gliserofosfokolini. Hii ya mwisho ndiyo hasa hukabili urea. Binadamu, pasipo kujua, hubeba ndani ya figo zake hila ileile aliyo nayo papa.

Lakini chembe nyekundu inayopita hapo haina maandalizi hayo. Urea huingia na kutoka ndani yake kwa urahisi, hivyo haiikaushi. Chumvi hubaki nje na kuyavuta maji ya ndani. Chembe husinyaa, himoglobini husongamana zaidi, oksijeni ni haba, asidi imezidi, na damu huenda polepole. Kila sharti linalofupisha muda wa kusubiri limetimia. Ndiyo sababu figo ni miongoni mwa viungo vya kwanza kuathiriwa na selimundu. Mishipa midogo ya sehemu ya ndani huziba mmojammoja, na uwezo wa kuuzito mkojo hupotea tangu utotoni. Mkojo wa mgonjwa kwa kawaida hauvuki miliosmoli 400 hadi 450 hata anapokuwa na kiu kali. Katika umri mdogo kuongezewa damu huweza kuurudisha uwezo huo kwa kiasi. Baadaye uharibifu huwa wa kudumu.

Matokeo yake yanaonekana nyumbani kabla hayajaonekana maabara. Mtoto huyu hutoa mkojo mwingi mwepesi mchana na usiku. Hukojoa kitandani akiwa na miaka 8, 10 au zaidi, akaitwa mvivu, akachapwa, akachekwa na wenzake. Hukosa maji upesi akiharisha au akipata homa. Na upungufu huo wa maji, kwa ile hesabu ya kipeo cha 30, humrudisha kwenye maumivu. Hata mwenye kinasaba kimoja tu cha selimundu, ambaye kwa kawaida ni mzima, anaweza kuwa na uwezo mdogo wa kuuzito mkojo, na mara chache kutoa mkojo wenye damu bila maumivu.

Tumaini la urea lilivyojaribiwa

Baada ya kuelezwa hayo yote, msomaji anaweza kuuliza: ikiwa urea huvunja mshikamano wa protini, kwa nini isitumike kuzivunja nyuzi za himoglobini S? Swali hilo liliulizwa kwa dhati. Mwaka 1970 na 1971 daktari Robert Nalbandian na wenzake nchini Marekani walipendekeza urea iliyochanganywa na sukari, itiwe katika mshipa wakati wa maumivu makali. Katika mirija ya maabara, chembe zilizopinda zilinyooka. Tumaini lilikuwa kubwa, kwa kuwa wakati huo hapakuwa na dawa yoyote ya ugonjwa wenyewe.

Jaribio lenye kulinganisha wagonjwa waliopata urea na wasioipata lilichapishwa mwaka 1974. Urea haikufupisha maumivu. Sababu zinaeleweka kwa kanuni zilizokwisha kuelezwa. Kwanza, kiasi cha urea kinachoweza kuvumiliwa katika damu ni kidogo mno kulinganisha na kinachohitajika kuachanisha protini. Pili, urea nyingi hutoka kwa njia ya mkojo ikiburuta maji pamoja nayo. Mgonjwa hukauka, na chembe zake husongamana zaidi. Dawa iliyokusudiwa kulegeza mshikamano ilikuwa inaondoa maji yanayouzuia. Ielezwe wazi pia kwamba urea ya mbolea si dawa ya selimundu wala ya ugonjwa mwingine wowote, na kuinywa ni hatari.

Njia nyingine ilikuwa kutafuta molekuli ndogo inayoishika himoglobini na kuizuia isiachie oksijeni upesi. Dawa ya namna hiyo, vokselotori, iliidhinishwa Marekani mwaka 2019, kisha ikaondolewa sokoni duniani kote Septemba 2024 baada ya takwimu kuzua wasiwasi kwamba madhara yake yanazidi faida. Kinachoonekana vizuri katika mrija hakina budi kuthibitishwa kwa mgonjwa.

Dawa iliyofaulu ni haidroksiyurea. Jina lake linafanana na la urea, lakini kazi yake ni nyingine kabisa: huuchochea uboho utengeneze himoglobini ya utotoni, himoglobini F, ambayo haiingii katika nyuzi. Himoglobini F ndani ya chembe iliyojaa ni kama abiria asiyeshikana mkono na yeyote. Msongamano unabaki uleule, mnyororo unakatika. Utafiti uliofanyika Kilifi nchini Kenya, Mbale nchini Uganda, Kinshasa na Luanda, uliochapishwa mwaka 2019 na kuhusisha watoto 606, ulionyesha kwamba matukio ya maumivu na ya malaria yalipungua kwa zaidi ya nusu, na vifo vikapungua pia.

Kipimo cha mrija wenye ukungu

Kanuni ya viyeyushwa vidogo hutumika pia kuutambua ugonjwa. Mwaka 1888, mjini Prague, Franz Hofmeister alipanga chumvi mbalimbali kwa uwezo wake wa kuzitenga protini za ute wa yai kutoka majini. Fosfeti na salfeti zilikuwa miongoni mwa zenye nguvu. Kipimo cha umumunyifu wa himoglobini hutumia jambo hilo: tone la damu huwekwa katika myeyusho mzito wa fosfeti pamoja na kemikali inayoondoa oksijeni. Himoglobini ya kawaida hubaki imeyeyuka na mistari iliyochorwa nyuma ya mrija husomeka. Himoglobini S hujitenga, mrija hupata ukungu, na mistari haionekani.

Kipimo hicho ni cha bei nafuu lakini kina mipaka miwili ambayo familia inapaswa kuifahamu. Hakitofautishi mgonjwa na mbebaji wa kinasaba kimoja, kwa sababu damu ya wote wawili huleta ukungu. Tena kinaweza kudanganya kwa mtoto wa chini ya miezi 6, kwa kuwa damu yake bado imejaa himoglobini F. Jibu kamili hupatikana kwa vipimo vinavyotenganisha aina za himoglobini, kama elektroforesisi. Makadirio yanayotumiwa sana yanasema watoto wapatao 11,000 huzaliwa na selimundu Tanzania kila mwaka. Wazazi wawili ambao kila mmoja ni mbebaji wana uwezekano wa mmoja kati ya wanne, katika kila mimba, wa kupata mtoto mgonjwa.

Yanayoifaa jamii

Kinasaba hiki hakikuletwa na laana wala uchawi. Mwaka 1954 Anthony Allison, kwa utafiti uliofanyika Afrika Mashariki, alionyesha kwamba mbebaji wa kinasaba kimoja hupata kinga dhidi ya malaria kali. Ndiyo maana kimeenea katika nchi zilizokaliwa na malaria kwa karne nyingi. Kinga hiyo haimfikii mgonjwa mwenyewe, ambaye malaria humdhuru zaidi. Chandarua ni cha lazima kwake kila usiku.

Maji ni sehemu ya tiba. Mtoto mwenye selimundu apewe maji mara nyingi mchana, na zaidi wakati wa jua kali, homa au kuharisha. Walimu wamruhusu kunywa maji darasani na kutoka kwenda msalani kila anapohitaji. Asinyimwe maji jioni ili asikojoe kitandani. Kufanya hivyo ni kumkausha katika saa ambazo figo zake haziwezi kuyatunza. Shuka hufuliwa, mshipa wa figo ukiziba haufunguki tena kwa kufuliwa. Homa kwake ni jambo la haraka, apelekwe kituo cha afya siku hiyohiyo. Chini ya umri wa miaka 5 anahitaji penisilini ya kinga, na haidroksiyurea itolewe na mtaalamu atakayefuatilia vipimo vya damu yake.

Papa amepewa na maumbile TMAO ya kumlinda dhidi ya urea yake mwenyewe, na punje ya kahawa imepewa sukrosi ya kuivusha katika ukavu. Chembe nyekundu ya mtoto mwenye selimundu haikupewa osmolaiti ya kuitenganisha himoglobini S inaposongamana. Kiyeyushi alichonacho ni maji, na kila bilauri anayopewa kwa wakati hurefusha, kwa sehemu ya sekunde, muda ambao damu yake inauhitaji ili ifike mapafuni.